Utando wa Siki ya Kahawa

Watu wa Akheri, kijiji cha mlimani juu ya Arusha, waliomfahamu Eunike Sumari wanakubaliana juu ya mambo mawili: alikuwa mchapakazi, na hakuweza kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Ukiingia kwake ukakalia kigoda chenye mguu uliolegea, angekuinua kwanza akigongee kabari, ndipo akusalimie. Mimi ni mtoto wa mdogo wake. Nimeinuliwa hivyo mara nyingi, na sioni sababu ya kumpamba kwa kuwa sasa ni marehemu. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwake na kwa mumewe Mika, na pale walipotofautiana nimemfuata Mika, kwa sababu yeye hakuwa na la kujitetea.

Alianza kutengeneza siki mwaka wa pili wa vita vya Hitla. Kila Jumamosi alikuwa akishuka Arusha mjini kumuuzia mayai Mhindi mmoja mwenye duka, na Mhindi huyo alilalamika kwamba meli hazileti tena siki, na bila siki achari yake inaharibika. Eunike aliomba anuse chupa tupu. Alinusa, akacheka, maana harufu hiyo aliifahamu tangu zamani. Ilikuwa harufu ya mtoni kwao, pale ilipokaa mashine ya mkono ya kumenya kahawa, ambapo maganda yalitupwa lundo juu ya lundo mpaka ng'ombe wakakataa maji ya chini yake. Kitu kilichotafutwa mjini kwa udi na uvumba kilikuwa kinawachefua watu kijijini.

Hakufanikiwa mara moja, lakini alifanikiwa. Alichukua maganda ya siku hiyohiyo, kabla nzi hawajayazoea, akayakanda kwenye maji ya moto, akachuja, akamimina kwenye vyungu vya mdomo mpana na kuvifunika kwa kitambaa. Siku za kwanza maji yale yalitoa povu na kunuka pombe, baadaye yakachachuka. Kisha juu yake ukatanda utando. Ulianza mwembamba, kama ule wa maziwa yaliyopoa, na baada ya wiki mbili ulikuwa mnene kama kidole, mweupe wa kijivu, unaoteleza, na imara kiasi kwamba aliweza kuunyanyua mzima kwa mikono miwili usichanike. Aliwatupia kuku. Kuku waliudonoa, wakaondoka zao. Halafu akagundua kwamba chungu kilichobakiwa na kipande cha utando kilichachuka upesi kuliko kile alichokisafisha, na tangu hapo hakuutupa tena. Siku hizi nimesoma kwamba ni vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokula utamu wa maganda na kufuma nyuzi nyembamba mno, uzi juu ya uzi, mpaka zinakuwa shuka. Yeye alisema tu kwamba chungu kinafuma.

Habari za povu ziliwafikia wazee wa kanisa kabla siki haijamfikia Mhindi. Kupika pombe kulimtoa mtu kwenye Meza ya Bwana, kwa hiyo mzee Thomasi, ambaye shamba lake la kahawa lilikuwa zuri kuliko yote Akheri, alitumwa achunguze. Eunike alimpa kikombe kilichojaa. Thomasi alikunywa funda moja, akafumba macho, kisha akarudi kutoa taarifa kwamba mama huyu hana kosa, maana hakuna mlevi atakayejitafutia adhabu ya namna ile.

Mwaka uliofuata Eunike alijikata kidole kwa panga alipokuwa akikatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Mikono yake ilishinda ndani ya siki na kidonda kilimwasha, kwa hiyo alichemsha kipande cha utando mara mbili kuondoa ukali, akakizungusha kwenye kidole. Kilinata. Siku ya sita kilijibandua chenyewe, na chini yake palikuwa na ngozi mpya. Hakuona kama ni jambo la kusimulia.

Jambo la kusimulia lilitokea barazani, mwezi wa tano mwaka 1943. Bwana shamba, kijana kutoka upande wa Kilimanjaro, alikuja na agizo la serikali. Kila mwenye mibuni ataipulizia mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya samawati, pamoja na chokaa, kuzuia ugonjwa wa kutu ya majani. Pampu ya chama cha wakulima itapita shamba kwa shamba. Shamba litakaloachwa bila dawa litang'olewa na kuchomwa lisije likaambukiza mengine. Akauliza kama kuna mtu anayelijua shamba lililotelekezwa. Watu walitazama chini. Si kwamba hawakujua. Walijua wote, lakini jirani husemwa nyumbani kwake, au husemwa mbele ya wazee wa ukoo. Hasemwi mbele ya karatasi.

Eunike alisimama. "Ni la Ndesanjo," alisema. "Limekuwa pori. Mimi nikipita pale naona aibu kana kwamba ni langu."

Ndesanjo alikuwa wa ukoo mmoja na Mika, mgane asiye na mtoto, na tangu mkewe afariki hakuna aliyemwona ameshika mkasi wa kupogolea. Mibuni yake ilikuwa imerefuka hadi kwenye migomba. Watu wa pampu walipofika kwake baadaye aliwafukuza. Siku ile ya baraza alikuwa amekaa safu ya tatu, akajikuna mguu, na jina lake likaandikwa. Eunike alirudi nyumbani na moyo mweupe. Kwa hesabu yake, kilichokuwa kimekaa upande kilikuwa kimewekwa sawa, na hakulifikiria tena jambo hilo.

Mwezi wa nane bomba la mvuke lilipasuka katika kiwanda cha kukaushia kahawa cha mzungu mmoja bondeni, ambako Mika alikuwa akichochea moto. Mkono wa kulia ulibabuka kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kucha. Walimpeleka zahanati kwa machela. Dresa, yaani mfunga vidonda, pale alikuwa Aminieli, kijana mpole, mwenye mikono safi na kabati tupu, kwa maana bandeji zote zilikuwa zimekwenda vitani. Alikuwa akitumia vitambaa vya shuka kuukuu, anavifua, anavichemsha, anavifunga tena. Kila kitambaa kilipotolewa kiliondoka na ngozi iliyokuwa imeanza kuota. Mika, mtu ambaye kelele yake haikuwahi kusikika hata kwenye ugomvi, alilia watu wa barabarani wakasikia.

"Nikuambie ukweli, mama," Aminieli alimwambia Eunike siku ya tatu. "Mkono huu ukiendelea kuchunika hivi utaoza. Ukioza utakatwa."

Siku ya nne Eunike alifika na utando ndani ya sufuria yenye maji yaliyochemshwa na chumvi.

"Shikamoo, mama. Hiyo ni nini?"

"Marahaba. Ni utando wa siki. Nimeuchemsha mara tatu. Nilijikata kidole mwaka jana nikakifunga kwa huu, ukaachia wenyewe kilipopona."

Aminieli aliugusa, akaunusa, akauvuta pande mbili. "Mimi sijui kitakachofanywa na hiki," alisema. "Lakini kitambaa changu najua kinachofanya. Weka."

Alikata kipande cha kila kidole peke yake, visije vikaungana, na kimoja kikubwa cha kiganja na mkono. Utando ulilala juu ya nyama ile mbichi, ukanata, ukawa na ubaridi. Mika alilala usingizi mchana ule mpaka jua likazama, na Eunike alikaa kando ya kitanda akitetemeka kwa furaha. Aliniambia mwenyewe kwamba alitetemeka, na si mtu aliyependa kukiri mambo hayo.

Sasa ilibaki kazi ya kuendelea. Mkono ulitoa majimaji, na kila siku tano au sita ulihitaji utando mpya, shuka nzima. Eunike alikuwa na vyungu vinne vikubwa, na kila kimoja kilifuma shuka moja kwa wiki mbili. Visingekosa kufuma, mkono ungepona. Vingekosa, Mika angerudi kwenye vitambaa.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa sababu ya sifa yake ya kutaka kila kitu kiwe sawa. Siku zote alikuwa amezoa maganda ya mtoni, yaliyochanganyika ya kila mtu. Lakini siki ni siki, na hii sasa ilikuwa dawa ya mume wake. Dawa haitengenezwi kwa uchafu. Aliamua atumie maganda ya shamba safi kuliko yote, akaenda kwa mzee Thomasi. Thomasi alifurahi. Alimjazia madebe mawili ya maganda mekundu yanayong'aa, akayaombea, na kumsaidia kuyafikisha nyumbani.

Vyungu havikufuma. Maji yalikaa tu, hayana povu wala ukali. Vile vipande vya utando wa zamani alivyoweka kama mbegu vilizama chini, vikawa vya kahawia na kulegea. Alibakiwa na chungu kimoja kidogo pembeni ya jiko, ambacho alikuwa hajakilisha maganda ya Thomasi. Shuka mbili za mwisho zilitumika zahanati, kisha Aminieli akarudi kwenye vitambaa, na kilio cha Mika kikarudi. Baada ya siku kadhaa kiganja kilianza kutoa harufu. Aminieli aliandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa Moshi, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Nitangoja siku kumi na mbili, mama," alisema. "Zaidi ya hapo nitakuwa namuua."

Eunike alimaliza siku moja nzima kwa kulia na kutafuta dhambi aliyoitenda. Siku ya pili alirudiwa na akili yake ya kawaida. Alimwaga chungu kimoja na kukitazama ndani, akaona mstari wa rangi ya kijani ya samawati ukizunguka pale maji yalipokuwa. Rangi hiyo kila mtu wa Akheri aliijua. Ilikuwa kwenye majani, kwenye pampu, na kwenye nguo za watu wa pampu. Alikwenda kumuuliza Thomasi amepuliza mara ngapi. Thomasi alijibu kwa fahari kwamba bwana shamba alisema mara mbili, yeye amepuliza mara tatu, na ya mwisho ni wiki moja tu kabla ya kuchuma.

Hata hivyo hakutaka kukisia. Nyuma ya zizi lake palikuwa na mbuni uliojiotea, ambao watu wa pampu hawakuuona. Alichuma buni zake kiganja kimoja, akakamua maganda kwenye bakuli. Kwenye bakuli la pili akaweka maganda ya Thomasi. Kila moja akalitilia kijiko kutoka kwenye chungu kilichosalia, akayaweka yote mawili karibu na moto. Siku ya tatu bakuli la zizini lilikuwa na utando mwembamba. La Thomasi lilikuwa na maji. Kumbe mrututu unaoua kutu ya majani ulikuwa unamuua na mfumaji.

Siku tatu zilikuwa zimepita kati ya kumi na mbili. Mbuni ule mmoja usingetosha hata kidole. Maganda ya ndizi alikuwa ameshayajaribu, yakatoa utando mwepesi uliokatika mkononi. Pampu ilikuwa imekwisha kupita kote, na sasa hata maganda ya mtoni yalikuwa na mrututu. Mashamba yote ya Akheri yalikuwa yamepuliziwa, hata lake mwenyewe, isipokuwa moja.

Mficha uchi hazai. Alijifunga kanga akaenda.

Ndesanjo alikuwa amekaa nje akichonga mpini. "Karibu, Mama Elizabeth," alisema, kwa jina la binti wa kwanza wa Eunike. "Umekuja kuitazama aibu yako?"

"Nimekuja kuomba, shemeji." Akamweleza yote, tangu kidole hadi mabakuli mawili.

Ndesanjo alisikiliza bila kuacha kuchonga. "Kwa hiyo uvivu wangu umekuwa dawa."

"Ndiyo."

"Sema tena, sikusikia vizuri."

"Uvivu wako umekuwa dawa, shemeji."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha uso ukarudi kama ulivyokuwa. "Maganda ningekupa yote. Lakini wanakuja kung'oa Jumatatu. Jina langu limeandikwa, na aliyelitaja unamfahamu."

Eunike alikuwa hajaunganisha mambo hayo mawili.

"Nenda kamwambie bwana shamba angoje mavuno yaishe," Ndesanjo alisema. "Mimi siendi. Simwombi mtu aniachie kilicho changu."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aliteremka Tengeru, kwenye kitalu cha serikali, kwa miguu kesho yake asubuhi, akamkuta bwana shamba akipima miche.

"Mama, si wewe uliyelitaja shamba hilo?" aliuliza kijana.

"Ni mimi."

"Basi ulisema uongo?"

"Sikusema uongo, mwanangu. Nilisema kweli mahali pasipostahili."

Kijana alifikiri sana. Alisema amri imeandikwa na hawezi kuifuta. Anachoweza ni kuliweka shamba la Ndesanjo la mwisho kwenye orodha, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, na siku hiyo kila nyumba jirani itatoa mwanamume mmoja wa kung'oa. Eunike alishukuru, akapanda mlima akikimbia.

Alichuma pamoja na Ndesanjo siku hiyohiyo. Mibuni ilikuwa mirefu, ilibidi waiinamishe kwa kamba. Mara kadhaa aliona tawi kavu linalodai kukatwa, akanyoosha mkono, akaurudisha. Ndesanjo aliona na hakusema kitu. Jioni maganda yalikuwa ndani ya maji ya moto, na vyungu vyote vinne, vilivyosuguliwa kwa majivu na mchanga, vilipangwa kuzunguka jiko. Aliacha moto mdogo usiozimika, kwa kuwa alishaona kwamba chungu cha jotoni hufuma upesi. Utando ulioonekana siku ya sita ya kazi hiyo ulikuwa mwembamba kama karatasi. Aliuchukua hivyohivyo. Aminieli aliuweka akiwa na barua mfukoni, na siku mbili baadaye, alipoukagua mkono, harufu ilikuwa imepungua. Barua haikwenda Moshi.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya subira tu. Vyungu vilifuma, Eunike alichemsha, Aminieli alifunga. Shuka zilizozidi zilifunika miguu ya watu wengine wawili zahanati hapo, na mmoja wao, mzee Lesikar aliyeletwa kutoka magharibi ya mlima baada ya kuangukia moto, alimletea Eunike kondoo. Mwezi wa kumi na moja mkono wa Mika ulikuwa na ngozi mpya, nyororo na yenye mabaka, na vidole vitano vilivyotengana. Kidole cha mwisho kilibaki kigumu. Alianza kushika kikombe, baadaye jembe.

Kisha ikafika Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili.

Asubuhi ile Eunike alichukua utando mpya akaufunga mkono wa Mika, kuanzia kiwiko hadi kucha.

"Mkono umepona," Mika alisema.

"Najua umepona. Kaa hivyohivyo."

Shambani kwa Ndesanjo walikuwa wamefika wanaume wengi na majembe na sururu, Thomasi akiwa mbele. Bwana shamba aliutazama mkono uliofungwa, akamwambia Mika akae kando. Kazi ikaanza kutoka upande wa chini. Mibuni iling'olewa kwa haraka, maana hakuna aliyetaka kukaa pale, na moto ukawashwa katikati ya uwanja. Ndesanjo alisimama mlangoni kwake akiangalia. Safu ya watu ilipokaribia nyumba, alitoka akamwendea Mika.

"Fungua tuone," alisema.

Mika hakumtazama mkewe. Alifungua. Ndesanjo aliushika mkono, akaugeuza, akakunja kidole kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayekagua kazi aliyoilipia.

"Umepona."

"Umepona, kaka."

"Basi ule mbuni wa mlangoni ung'oe wewe. Mama ndiye aliyeupanda, wiki aliyoingia nyumba hii. Yote aliipanda yeye, lakini ule ulikuwa wa kwanza. Hawa wengine watauvunja."

Alisema "mama", kama wanaume wa huko wanavyowaita wake zao. Watu waliacha kuchimba. Eunike alikuwa ameusema uvivu huo kwa miaka mitano, jikoni, kanisani na barazani, na sasa alielewa kwa nini mkasi haukuguswa. Alimwendea Ndesanjo mbele ya wote.

"Shemeji, sikujua."

"Hukuuliza," alisema Ndesanjo, bila ukali.

Mika alichukua jembe. Alichimba kuuzunguka mbuni polepole, akakata udongo mbali na shina, na alipofika chini aliweka jembe pembeni, akaingiza mikono yote miwili na kuutoa na mizizi yake, bila kuvunja hata mmoja. Eunike aliupokea, akaubeba peke yake mpaka kwenye moto.